Jina la Cinna: Umati na Tanzia katika Juliasi Kaizari

Wahakiki wengi wa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, huishia kwa Brutus na dosari yake. Kaizari huuawa katika sehemu ya tatu kati ya tano. Tanzia husonga mbele bila yeye. Umati uliochochewa na hotuba ya Antony humvamia Cinna mshairi, kwa kuwa tu jina lake ni la mmoja wa waliokula njama. Anajitetea, hasikilizwi. Onyesho hilo ni fupi, nasi hulipita haraka. Mwanafunzi wa Migori au Homa Bay asilipite: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walifukuzwa huko kwa sababu ya majina yao. Aristotle alitupa dosari ya shujaa. Ya umati hakutupa.