Intaneti ya Nyumbani Imegoma? Tafuta Kwanza Tatizo Liko Wapi

Intaneti inapogoma, wengi wetu huanza kubonyeza kila kitufe cha ruta au kumpigia mtoa huduma tukiwa hatuna la kumweleza. Ni bora kujua kwanza tatizo liko sehemu gani: kwenye kifaa chako, kwenye Wi-Fi, kwenye ruta au kwenye laini inayotoka nje. Hatua zifuatazo zitakuonyesha. Zifuate kwa mpangilio.

1. Jaribu kifaa cha pili
Fungua tovuti moja kwenye simu na kwenye kompyuta. Zima kwanza data ya simu, la sivyo itatumia bando lake na kukupotosha. Kifaa kimoja kikifungua na kingine kikagoma, shughulika na kilichogoma: zima Wi-Fi yake uiwashe tena, kisha kagua tarehe na saa. Saa ikiwa imekosea sana, kivinjari hushindwa kuhakiki vyeti vya usalama na hukataa kufungua tovuti nyingi.

2. Soma taa
Kwenye kisanduku cha faiba, taa ya PON ikitulia bila kupepesa, laini inasoma. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umelegea, umekunjwa au umekatika. Ndani ya waya huo mna uzi mwembamba wa kioo, na ukibanwa kwa kona kali nyuma ya kabati, mwanga huvuja. Unyooshe taratibu. Usichungulie ncha yake kamwe. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru macho.
Kama ruta yako inatumia laini ya simu, tazama nguvu ya mawimbi, kisha isogeze karibu na dirisha.

3. Hakikisha kifurushi hakijaisha
Wi-Fi huendelea kuonekana hewani hata malipo yakiisha, kwa sababu inatoka kwenye ruta yenyewe. Angalia salio kabla ya kuhangaika zaidi.

4. Zima, subiri, washa
Chomoa ruta kwenye umeme, subiri sekunde 30, chomeka tena na uipe dakika 5. Kama una visanduku viwili, anza na cha faiba.
Usiguse kitundu kilichoandikwa RESET. Hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la mtumiaji na nywila alizoingiza fundi. Zikifutika, unaweza kukosa intaneti hata laini ikiwa nzima.

5. Tenganisha Wi-Fi na laini
Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, kwenye tundu la LAN. Intaneti ikipatikana, tatizo ni Wi-Fi. Weka ruta mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na mikrowevu. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini hayapenyi kuta vizuri, ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ila husongamana kwenye nyumba za ghorofa. Kwa haya ya pili, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa haziingiliani.

6. Pima kwa amri moja
Kwenye dirisha la amri la kompyuta, andika *ping 8.8.8.8*. Majibu yakirudi ilhali tovuti hazifunguki, shuku DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye mipangilio ya mtandao, weka DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kama anwani ya kompyuta yako inaanza na 169.254, ruta haijaipa anwani; rudia hatua ya 4.

7. Piga simu ukiwa na maelezo
Waulize kwanza majirani wenye mtoa huduma yuleyule. Wakati mwingine kosa liko mbali kabisa: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Hali kama hiyo haitatuliwi na ruta yoyote.
Ukipiga, taja saa tatizo lilipoanza, rangi za taa, na matokeo ya hatua ya 5 na ya 6. Omba namba ya malalamiko na uiandike. Fundi akijua mapema kwamba LOS ni nyekundu, atakuja na vifaa vya kuunga faiba, na hutalazimika kusubiri safari ya pili.