Tuisome Damu kwa Kuielewa: Niliyojifunza Baada ya Kuanguka Mtihani



Ndugu zangu wanafunzi, naanza kwa kukiri. Mwaka jana mtihani wa magonjwa ya damu na saratani ulinishinda. Nilipata 8 juu ya 20. Si kwamba sikusoma. Nilikesha, nikajaza madaftari matatu, na majina ya dawa niliyajua kwa moyo. Swali moja liliniangusha: mtoto wa miaka 6, taya limevimba, ameanza dawa za saratani jana, leo mkojo umepungua na moyo unapiga ovyo. Nini kimetokea, na kingezuiwa vipi? Mimi niliandika malaria kali. Kwenye karatasi kosa hilo lilinipotezea alama. Wodini lingepoteza mtoto.

Likizo ile nilikaa kwa shangazi yangu, Buyenzi. Mwanawe ana seli mundu. Jioni moja aliniuliza, "Mwanangu, miaka yote hii unasoma udaktari. Hebu niambie, damu ya mdogo wako ina nini?" Nilifungua mdomo, yakatoka maneno ya Kifaransa ya darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi hata wewe hujui."

Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni: nisichoweza kumweleza shangazi kwa Kiswahili, sijakijua. Nilirudia somo zima kwa kanuni hiyo, na kikao cha pili nikapita, alhamdulillah. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Upungufu wa damu: maswali matatu

Usianze na orodha ya magonjwa 20. Anza na maswali matatu: je, damu inatengenezwa kidogo, inaharibiwa mapema, au inamwagika? Kipimo cha kukuongoza ni idadi ya chembe nyekundu changa. Zikiwa nyingi, kiwanda, yaani uboho wa mifupa, kinafanya kazi. Tafuta kuvuja au kuharibiwa. Zikiwa chache, kiwanda chenyewe kina shida au kimekosa malighafi.

Ukishajua ni malighafi, tazama ukubwa wa chembe, ile VGM. Chembe ndogo: fikiria kwanza madini ya chuma, na huku kwetu usisahau minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni. Chembe kubwa: fikiria asidi ya foliki na vitamini B12. Hapa kuna mtego wa mtihani: ukimpa foliki peke yake mgonjwa aliyekosa B12, damu inapanda lakini mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Na dawa ya chuma haikatizwi siku hemoglobini inapokuwa sawa. Inaendelea kama miezi 3, ili ghala nalo lijae.

2. Seli mundu: jibu nililompa shangazi

Hemoglobini ni mzigo wa protini ndani ya chembe nyekundu. Katika seli mundu herufi moja tu ya urithi imebadilika: kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imetoka na valini imeingia. Hewa ya oksijeni ikipungua, hemoglobini hiyo hujipanga kama vijiti, chembe ikapinda kama mundu. Chembe iliyopinda hukwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maumivu. Pia hufa mapema, ndiyo upungufu wa damu na macho ya manjano. Wengu nalo huharibika, ndiyo maana mtoto huyu hushambuliwa upesi na vijidudu kama nyumokoki. Basi penisilini ya kila siku mpaka miaka 5, chanjo, maji ya kutosha na kinga ya malaria si mapambo ya jibu. Kila kimoja kinaziba tundu lake.

Kwa nini mtoto mchanga huwa salama miezi ya mwanzo? Kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni mwa mama. Ukielewa hapo umeelewa hidroksiurea: dawa hii huirudisha hemoglobini hiyo ya utotoni. Lakini hushusha pia chembe nyeupe, kwa hiyo hesabu ya damu hupimwa mara kwa mara.

Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa kazi yake ya Afrika Mashariki, kwamba mwenye kurithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana urithi huu umebaki kwetu. Wazazi wawili wenye upande mmoja mmoja wana nafasi 1 kati ya 4, kwa kila mimba, ya kupata mtoto mgonjwa. Kaka na dada mnaokaribia nikaha, kipimo hiki kifanyeni mapema, kabla ya posa kufika mbali. Na mwenye seli mundu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari wake: kukauka maji huleta maumivu, na mgonjwa ana ruhusa katika dini yetu.

3. Uvimbe wa taya: kisa cha Kampala

Sasa turudi kwa mtoto wa mtihani wangu. Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akiwa Jinja akaona mwingine. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona. Ramani ilifuata joto, mvua na mwinuko, kama ramani ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, kirusi tunachokiita Epstein-Barr.

Ukiunganisha: kirusi kinaingia kwenye chembe nyeupe za aina ya B, malaria ya mara kwa mara inazichochea zigawanyike, na katika kugawanyika kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia, mara nyingi kwenye ya 14. Jeni ya MYC inawashwa na haizimiki. Sisi tulio Bujumbura, kando ya ziwa, kwenye bonde la joto la Imbo, hatusomi habari za mbali. Taya la mtoto linalovimba haraka na meno kulegea si jino bovu mpaka uthibitishe.

Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa, na ndiyo sababu unayeyuka upesi kwa dawa. Na hapo ndipo jibu langu lilipokuwa. Chembe nyingi zikifa kwa pamoja humwaga vilivyomo: potasiamu, fosfeti, na asidi ya yuriki. Potasiamu huvuruga moyo. Asidi ya yuriki huziba figo. Fosfeti hukamata kalsiamu, kalsiamu ikashuka. Kinga yake ni kuanza maji mengi ya mshipa na alopurinoli kabla ya dawa za saratani, kisha kupima potasiamu na mkojo bila kuchoka. Ningeelewa kifo cha chembe, nisingeandika malaria.

4. Dawa nne, na kila moja inaumiza wapi

Siklofosfamidi huharibu DNA ya chembe. Mabaki yake huunguza kibofu, mkojo ukawa na damu. Mpe maji mengi, na mesna dozi ikiwa kubwa.

Methotreksati huiba njia ya foliki. Asidi ya foliniki huokoa chembe nzima baada ya dozi kubwa.

Doksorubisini hudhuru moyo, na madhara hujumlika maisha yote, basi dozi hujumlishwa. Mkojo mwekundu siku hiyo ni rangi ya dawa, usimtishe mama.

Vinkristini hutoka kwenye ua la Madagaska ambalo watu hulipanda bustanini. Huzuia chembe kujigawa, na huleta ganzi na kufunga choo. Kumbuka hili hata ukisahau makala yote: vinkristini ni ya mshipa tu. Ikiingia uti wa mgongo, huua. Methotreksati huweza kupelekwa huko, kwa hiyo bomba hizi mbili hazikai kwenye trei moja.

Na jambo la mwisho la wodini: mgonjwa wa dawa hizi akipata homa huku chembe nyeupe za kupigana, nyutrofili, ziko chini ya 500, chukua damu ya kuotesha na uanze antibiotiki ndani ya saa moja. Usisubiri majibu.

5. Namna ya kurudia

Sisi tulikutana watu wanne, kati ya Alasiri na Magharibi. Kila mmoja alichukua ugonjwa mmoja na kuueleza kwa Kiswahili bila daftari, kisha kwa Kifaransa cha mtihani. Aliyekwama hakuchekwa, alirudi kusoma na kesho yake alianza yeye. Kila dawa tuliiuliza maswali matatu: inapiga wapi, inaumiza wapi, tunazuia vipi.

Baada ya matokeo nilirudi Buyenzi. Nilimchorea shangazi chembe ya mviringo na chembe ya mundu nyuma ya bahasha. Akaitazama kwa muda, akamwita mwanawe: "Njoo uone, kumbe si uvivu, ni damu inakwama." Kijana akakaa, akaniuliza swali ambalo hata mwalimu hakuwahi kuniuliza: "Kwa hiyo nikinywa maji, zinanyooka?" Nikamwambia, hupunguza kukwama, endelea kunywa.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.