Usikubali Kukaririwa, Mdogo Wangu

Leo naongea na binti mmoja wa Mgololo, huko kwenye kiwanda cha karatasi, ila wengine msiondoke maana na nyie yanawahusu.

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma yote. Unasema kwenye kikundi chenu cha maigizo kila mara unapewa uhausigeli. Pasaka hausigeli, mahafali hausigeli, mpaka watoto wa kota wanakuita "dada wa kazi" ukienda gengeni. Safari hii ukaomba uigize bibi kizee, mwongozaji wenu akakujibu kwamba mshika mawili moja humponyoka, ubaki na unachokiweza. Unaniuliza kama ana haki.

Hana. Hausigeli na bibi kizee si vitu viwili vya kukuponyoka. Kazi ni moja, kuigiza. Na wapo dada zetu walioishi hivyo.

Lupita Nyong'o wa Kenya unamjua. Alipata Oscar tarehe 2 Machi 2014 kwa kumwigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba katika 12 Years a Slave. Ungetegemea baada ya tuzo ile aletewe kila aina ya kazi. Mwenyewe ameeleza kwamba alianza kuletewa nafasi za utumwa tena, mojawapo ndani ya meli ya watumwa. Walishamkariri! Yaani Hollywood na kikundi chenu cha Mgololo ugonjwa wao ni mmoja: ukipatia mara moja, wanataka urudie hadi uzeeke.

Sasa angalia alichofanya. Mwaka 2015 aliingia kwenye Star Wars akawa Maz Kanata, kiumbe kidogo chenye miwani mikubwa, kilichotengenezwa kwa kompyuta kwa kufuata mienendo yake. Sura yake haikuonekana hata kidogo. Mwaka 2016 akatoa sauti ya Raksha, mama mbwa mwitu wa The Jungle Book, na mwaka huo huo tukamwona katika Queen of Katwe ya Mira Nair akiwa Nakku Harriet, mjane wa Kampala anayelea watoto kwa kuuza mahindi, mama yake Phiona Mutesi, yule bingwa wa chesi. Msichana aliyetoka kushika Oscar, akakubali kuwa mama wa mtaa wa mabanda. Halafu 2018 ni jasusi Nakia wa Black Panther.

Ila ninayotaka uitafute ni Us ya 2019. Inatisha, usiitazame peke yako usiku. Humo Lupita ni watu wawili: Adelaide, mama wa familia, na Red, mwanamke anayefanana naye kama pacha, aliyetoka chini ya ardhi. Sauti ya Red imekwaruza, inakatikakatika, kama mtu anayevuta kila neno kutoka kooni kwa shida. Lupita aliitoa kwenye ugonjwa halisi wa koo unaofanya misuli ya sauti ikaze. Ukifumba macho ukasikiliza tu, unajua nani anaongea. Ukiziba masikio ukatazama, unajua pia, kwa shingo na mabega peke yake. Hapo ndipo ninapotaka ufike wewe.

Na mwaka 2024 akaigiza A Quiet Place: Day One, filamu ambayo anayepiga kelele anauawa, akiwa na paka karibu muda wote. Alikuwa anaogopa paka! Alijizoeza nao mpaka hofu ikaisha, na baadaye akachukua wa kwake.

Nisisahau, kabla ya jina lake kujulikana alikuwa msaidizi wa uzalishaji kwenye The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, na mwaka 2009 akaongoza filamu ya maisha halisi, In My Genes, inayohusu watu wenye ualbino. Kwa hiyo mwongozaji wako akikwambia ukabebe nguo za wahusika au ushike taa, nenda, na macho yako yawe wazi.

Hata nyumbani kwetu yupo Profesa Amandina Lihamba, na inaniuma kwamba mabinti wengi hamjamtazama. Katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ambayo Tanzania iliipeleka kugombea Oscar mwaka 2001, yeye ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza kwa miaka mingi. Huyo ni mwanamke ambaye kazini kwake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akifundisha, akiandika tamthilia na kuongoza michezo, na mwaka 1996 yeye na Penina Mlama walianzisha Tuseme, mradi wa kuwafanya wasichana wa sekondari waseme yanayowasibu kwa kutumia maigizo. Mtu wa maneno mengi kiasi hicho, akakubali nafasi ya kunyamaza.

Sasa wewe. Usigombane na mwongozaji. Nenda stesheni ya TAZARA siku ya treni, tafuta bibi mmoja, umwangalie anavyoshuka: mkono unashika wapi, mguu upi unatangulia, anapumzika mara ngapi kabla ya kuinua mzigo. Bibi wa Kihehe aliyepanda milima maisha yake yote haendi kama kikongwe wa kuchekesha wa kwenye vichekesho vya simu. Ukishampata, mwigize mbele ya kikundi bila kanga ya kujifunika na bila unga kichwani.

Ukimaliza shule na moyo bado upo huko, ulizia TaSUBa kule Bagamoyo, chuo cha sanaa cha serikali. Na akitokea mtu anayejiita prodyuza akataka mkutane gesti "kufanya mazoezi ya sini", hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Mwambie mama au dada unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha mwende TAKUKURU. Hakuna nafasi ya filamu inayolipiwa hivyo.

Uhausigeli nao usiuache. Ila igizo lijalo mpe huyo hausigeli jina, kijiji alikotoka, na kitu kimoja anachokificha mabosi wake wasikijue. Niandikie umempa kipi.