Kipimo cha jeni hakikuonyesha kitu. Je, ndio mwisho?

SWALI: Mwanangu ana miaka minane, amechelewa kuongea na hupata degedege. Alipimwa jeni akiwa mdogo, tukaambiwa hakikuonekana kitu. Mawifi zangu wa Mombasa wanasema balaa limetoka kwangu. Tufanye nini? – Mama, Harrow

JIBU: Mama, nianze na mawifi, maana maneno yao hayana msingi. Utafiti wa DDD, unaotafuta chanzo cha matatizo ya ukuaji wa watoto, ulioanza kuandikisha watoto mwaka 2011 katika vituo 24 vya jeni vya Uingereza na Ireland, kikiwemo hicho chenu cha Northwick Park, ulihusisha watoto zaidi ya 13,000. Kati ya waliopata jibu baada ya kupimwa pamoja na wazazi wote wawili, takriban robo tatu walikuwa na hitilafu mpya, iliyozuka kwa mtoto mwenyewe. Baba hakuwa nayo, wala mama.

Hadi 2023 takriban watoto 41 kwa kila 100 walikuwa wamejulikana ugonjwa wao. Wengi walipatiwa jibu kwa sababu watafiti walizirudia taarifa zilezile kila elimu ilipoongezeka. Mwaka 2024 iligunduliwa hitilafu katika jeni fupi iitwayo RNU4-2, inayochelewesha ukuaji na mara nyingi huleta degedege. Jeni hiyo haitengenezi protini, ndiyo maana vipimo vingi vya zamani viliiruka. Sisemi mwanao anao ugonjwa huo. Nasema jibu la zamani linaweza kupitwa na wakati.

Linaloniuma ni hili: katika DDD, watoto wa asili ya Kiafrika hawakubahatika kupata jibu kama wenzao. Hazina za jeni zimejaa taarifa za watu wa asili ya Ulaya, hivyo mtaalamu akikuta kwetu Waafrika badiliko geni hushindwa kujua kama ni la kawaida au ndilo linaloumiza.

Mwombe daktari wako wa familia (GP) amrudishe mtoto kliniki ya jeni. Uliza alipimwa kipimo gani, mwaka gani, na kama damu ya wazazi wote ilichukuliwa. Omba taarifa zake zichambuliwe upya. Wapelekee video ya degedege na orodha ya dalili mpya. Kama anatumia dawa za degedege, asiziache. Mkiombwa kushiriki utafiti, ni hiari yenu na matibabu hayataathirika, lakini nawasihi mkubali. Na baba mtoto asibaki nyumbani. Damu yake inahitajika pia.