Tuijue Bajeti Yetu: Fungu la Michezo kwa Watu Wenye Ulemavu wa Akili

Shabana inapocheza nyumbani, Uwanja wa Gusii hujaa, na tangu klabu hiyo irejee Ligi Kuu mwaka 2023 hata watoto wadogo wanajua majina ya wachezaji. Michezo ni sehemu ya maisha yetu Kisii na Nyamira. Lakini kuna mkazi ambaye mara nyingi hayuko uwanjani, si kama mchezaji wala kama mtazamaji. Ni yule kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye hubaki nyumbani wenzake wakienda kucheza.

Somo hili linaeleza jinsi fedha za umma zinavyoweza kumfikia. Ukimaliza kulisoma utaweza kueleza sheria inasema nini, kukadiria gharama za timu moja ya wadi, na kupeleka ombi lako mahali panapofaa na kwa wakati unaofaa.

1. Tunazungumza kuhusu nani?

Mtu mwenye ulemavu wa akili huchukua muda mrefu zaidi kujifunza, kuelewa maelezo na kujitegemea katika shughuli za kila siku, na hali hiyo huanza utotoni. Si sawa na ugonjwa wa akili, ambao unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote na kutibiwa. Si laana, wala haiambukizwi. Majina ya dharau kama punguani au zezeta hayana nafasi katika baraza wala katika barua ya ofisi.

Michezo jumuishi ni ile ambayo wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao huwa timu moja. Special Olympics, iliyofanya mashindano yake ya kwanza Chicago mwaka 1968, ina kanuni za timu za namna hiyo. Katika kandanda ya wachezaji saba, wanne huwa wenye ulemavu wa akili na watatu ni wenzao wasio na ulemavu huo. Timu hupangwa kukutana na timu za uwezo unaokaribiana, ili kila mmoja apate nafasi ya kweli ya kushinda na kushindwa. Siku moja ya sherehe kwa mwaka, ya kupiga picha na kugawa soda, haitoshi kuitwa michezo jumuishi. Kinachomjenga mchezaji ni mazoezi ya kila wiki.

2. Sheria inasema nini?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziachia kaunti michezo na viwanja vyake. Kwa hiyo swali la michezo ya mashinani ni la serikali ya kaunti kwanza, kabla ya kufika Nairobi.

Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufika mahali pote pa umma. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataka washiriki michezo sawa na wengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003.

Haki hizi hazijilipii. Mhasibu wa kaunti hawezi kulipa kitu ambacho hakimo katika makadirio yaliyopitishwa na Bunge la Kaunti. Hapo ndipo kazi yako kama mkazi inapoanza.

3. Gharama zake ni zipi?

Watu wengi wakipewa nafasi ya kusema barazani huomba mipira na jezi. Tufanye hesabu kwanza. Bei hizi ni za mfano tu. Weka bei za wadi yako.

Tuseme timu ina wachezaji 14. Wanane wana ulemavu wa akili na wanatoka vijiji vya mbali, kila mmoja na mlezi wake. Wenzao sita wanaishi karibu na uwanja. Mazoezi ni mara moja kwa wiki, kwa wiki 40.

- Nauli ya watu 16, shilingi 100 kwenda na kurudi, wiki 40: 64,000
- Posho ya kocha, shilingi 1,000 kwa wiki: 40,000
- Uji na maji, shilingi 1,000 kwa wiki: 40,000
- Mipira 4 ya shilingi 2,500: 10,000
- Sanduku la huduma ya kwanza: 5,000
- Vizibao 14 vya shilingi 300: 4,200
- Jumla: shilingi 163,200

Itazame hesabu hii kwa makini. Nauli peke yake inakaribia shilingi 4 katika kila shilingi 10. Mipira na vizibao kwa pamoja havifiki hata shilingi 1 katika kila 10. Fungu likiandikwa "vifaa vya michezo" tu, litanunua mipira kwa wale ambao tayari wako uwanjani. Mtoto anayekaa mbali, ambaye mama yake hana nauli ya watu wawili na hawezi kumwachia mhudumu wa bodaboda peke yake, atabaki nyumbani na mpira utachezwa bila yeye.

Kwa hiyo, katika ombi lako andika nauli ya mchezaji, nauli ya mlezi na posho ya kocha, kila moja kwa jina lake.

Kwa bei hizo za mfano, timu moja katika kila mojawapo ya wadi 45 za Kisii ingegharimu shilingi 7,344,000 kwa mwaka. Kwa wadi 20 za Nyamira ingekuwa shilingi 3,264,000.

4. Ombi liingie upande gani?

Bajeti ya kaunti ina pande mbili. Matumizi ya maendeleo hujenga vitu vya kudumu kama jukwaa, ukuta na vyoo vya uwanja. Matumizi ya kawaida hulipia kazi inayojirudia. Uwanja mpya wenye njia nzuri ya kuingilia unahitajika, lakini uwanja hauendi kumchukua mtoto kijijini. Mazoezi ya kila wiki yako upande wa matumizi ya kawaida, chini ya idara ya michezo. Ombi likipelekwa kama mradi wa ujenzi litakosa pa kukaa.

5. Lini?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe hizi:

- Tarehe 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafika katika Bunge la Kaunti.
- Tarehe 28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha unafika bungeni ukiwa na viwango vya fedha vya kila idara.
- Tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanawasilishwa.
- Tarehe 30 Juni: bajeti iwe imeidhinishwa.

Anayeamka mwezi wa Juni amechelewa, kwa sababu viwango vya idara vimeshawekwa. Peleka ombi lako mwezi wa Julai au Agosti, mpango wa mwaka unapoandaliwa, kisha ulifuatilie Februari.

6. Namna ya kusema

Andika ukurasa mmoja. Nakala moja ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, nyingine kwa mwakilishi wadi, na ya tatu kwa idara ya michezo. Hakikisha zako zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Barazani, maneno kama haya yanatosha:

"Mheshimiwa, katika wadi yetu tuna vijana wanane wenye ulemavu wa akili walio tayari kucheza. Tunaomba idara ya michezo itenge shilingi 163,200 katika matumizi ya kawaida kwa nauli, kocha na mahitaji ya mazoezi. Hesabu yetu hii hapa."

Mlete na kijana mwenyewe. Mpe nafasi aseme anapenda mchezo gani, kwa maneno yake au kwa kuonyesha picha. Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti pia linapaswa kuwa na wawakilishi wa mashirika ya watu wenye ulemavu. Waulize wanachosema kwa niaba yenu.

Bajeti ikipita, usikome hapo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha fedha zilizotumika. Ukihitaji maelezo zaidi, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo huipa ofisi siku 21 za kujibu.

7. Kabla ya zoezi la kwanza

Pangeni mazoezi asubuhi, kwa kuwa mvua zetu hupenda alasiri. Kocha atoe agizo moja kwa wakati mmoja, tena aonyeshe kwa vitendo. Mlezi aeleze mapema kama mchezaji ana kifafa na dawa anazotumia. Mchezaji mwenye hali ya Down apimwe shingo na daktari kabla ya michezo yenye kugongana au kupiga mpira kwa kichwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fungu la "vifaa vya michezo" peke yake halitoshi?
2. Rudia hesabu ya sehemu ya 3 kwa nauli za wadi yako. Jumla yako ni ngapi?
3. Pata kitabu cha makadirio ya mwaka huu katika ofisi ya wadi au Bunge la Kaunti, ufungue sehemu ya idara ya michezo. Je, neno "ulemavu" limo? Kama limo, limewekewa shilingi ngapi, na ni za kulipia nini?

Jibu la swali la tatu liandike mwanzoni mwa barua yako.