SOMO LA MWEZI: SAA YA DHAHABU NA HESABU YA 1,014



Katika kipindi cha vijana tuliletewa picha ya saa ya mkono ya dhahabu, tukaulizwa kama Mkristo aweza kuinunua bila kutenda dhambi. Hatukujibu siku ile. Kwa desturi ya kazi yetu ya zamani tulisema, kwanza tukijue kitu chenyewe, ndipo tukihukumu.

Saa ile ni Omega Speedmaster, kazi ya mafundi wa Uswisi. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1957, nayo haikukusudiwa wanaanga, bali waendeshaji wa magari ya mashindano. Mbali na mishale ya saa na dakika, ina mshale mrefu wa sekunde ambao huanzishwa na kusimamishwa kwa kubonyeza kitufe. Katika duara linalozunguka uso wake zimechorwa tarakimu za mwendo. Wenye watoto wa darasa la saba na wachukue kalamu. Ukiwa ndani ya gari, ukipita nguzo ya kilomita bonyeza. Ukifika nguzo ya pili bonyeza tena. Ikiwa zimepita sekunde 45, gawanya 3,600 kwa 45, utapata 80. Basi gari lakwenda kilomita 80 kwa saa. Lakini saa imekwisha kukufanyia hesabu hiyo, kwa maana mshale umesimama penye 80. Twakiri kwamba jambo hili lilitupendeza kuliko dhahabu.

Haina betri. Mwenyewe huitia ufunguo, kamani ikakazika; kisha kamani hujifungua polepole na kuyasukuma magurudumu ya meno, na kigurudumu kimoja kidogo huyumba huku na huku kikiyazuia yasiende mbio. Hiyo ndiyo sauti tuisikiayo tukiiweka saa sikioni.

Mwaka 1965 shirika la anga la Marekani, NASA, liliijaribu kwa joto kali, baridi kali, mitikisiko na mapigo, likaikubali kwa safari za wanaanga. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipofika mwezini mwaka 1969 (kwetu Afrika Mashariki Armstrong alikanyaga udongo wa mwezi tarehe 21 Julai, saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri), Armstrong aliiacha saa yake ndani ya chombo, kwa kuwa saa ya chombo ilikuwa imeharibika. Aldrin alitoka na yake mkononi. Na mwezi wa Aprili 1970, Apollo 13 ilipopata ajali njiani na mitambo mingi ikabidi izimwe, wale watu watatu walihitaji kuwasha injini kwa sekunde 14 ili kurekebisha njia ya kurudi nyumbani. Jack Swigert alizihesabu sekunde hizo kwa saa yake ya mkono. Zile zilikuwa saa za chuma.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Baada ya safari ya mwezini kiwanda kilitengeneza saa 1,014 za dhahabu, zenye namba. Tarehe 25 Novemba 1969, katika karamu mjini Houston, wanaanga walipewa zao. Namba 1 ilikuwa ya Rais Nixon, na namba 2 ya makamu wake, Spiro Agnew. Wote wawili hawakuzipokea, kwa sababu thamani yake ilizidi kiasi ambacho watu wa vyeo vyao waliruhusiwa kupokea. Nyingi za zile zilizobaki ziliuzwa kwa wenye fedha.

Hapo tulisimama kidogo. Kuirudisha zawadi ya namna ile si jambo jepesi, nasi twajua kamati nyingi ambazo zingetafuta njia ya kuipokea. Lakini Agnew aliacha madaraka mwaka 1973 kwa sababu ya mashtaka ya fedha, na Nixon akajiuzulu mwaka 1974 kwa kashfa ya Watergate. Mtu aweza kushinda jaribu la saa akaanguka penginepo.

Mwezi mmoja kamili baada ya karamu ile, siku ya Krismasi 1969, kampuni ya Seiko iliweka sokoni mjini Tokyo saa ya mkono iitwayo Astron. Hii iliongozwa na betri na kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatzi, ambacho hutetemeka sawasawa sana kikipitishiwa umeme. Ilikosea kama sekunde 5 tu kwa mwezi. Mwanzoni bei yake ilikuwa kubwa mno, lakini baada ya miaka michache saa za namna hiyo zilikuwa rahisi duniani pote. Uswisi iliumia. Wafanyakazi wa saa walikuwa kama 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 hawakufika 40,000.

Haya ndiyo tuliyotaka vijana wayaone. Saa ya kamani ilikwisha kushindwa katika kazi yake yenyewe, yaani kupima wakati. Ikabidi iuzwe kwa sababu nyingine: ufundi wake, historia yake, na uchache wake. Mwaka 2019, kutimiza miaka 50, Omega ilitoa tena saa za dhahabu mfano wa zile za kwanza, 1,014 vilevile, kila moja kwa zaidi ya dola 30,000 za Marekani. Hata hiyo, iliyo bora sana katika jamii yake, kiwanda chaikubali ikitangulia hadi sekunde 5 kwa siku. Saa ya kwatzi ya bei nafuu huishinda.

Dhahabu ni chache kwa asili yake. Saa hizi ni chache kwa kuwa mtu alikaa mezani akaamua zisizidi 1,014. Ufundi wake twausifu bila kigugumizi. Bezaleli wa Kutoka sura ya 31 naye alifanya kazi ya dhahabu, na kipawa chake kilitoka kwa Mungu. Mwenye kuivaa na kuitia ufunguo kila siku hatumhukumu. Tunayemhofia ni yule anayeifungia katika sanduku la chuma, haipimi saa wala dakika, akingoja wengine waikose ili bei ipande. Huyo na asome Kutoka sura ya 16, habari ya mana iliyolazwa.

Tena liko jambo ambalo picha ile haikulionyesha. Kabla ya kutoka nje, Aldrin, aliyekuwa mzee wa kanisa la Presbyterian la Webster, Texas, alipokea Ushirika Mtakatifu ndani ya chombo, kwa mkate na divai alivyotoka navyo kanisani kwake. Saa aliyoivaa ilipotea baadaye, ilipokuwa ikipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, na wakusanyaji huitafuta mpaka leo. Kikombe kile kidogo alikirudisha, na ushirika wake unacho.

Kwa mazungumzo ya jumuiya mwezi huu, someni Luka 12:13–21. Kisha kila mmoja ajibu bila kumtazama jirani yake: kama ungeletewa wewe ile namba 2, na hakuna sheria inayokukataza, ungefanya nini?