Likizo ya Desemba: Somo la Maji Kupwa na Kujaa kwa Mzazi na Mtoto

Shule zimefungwa, kaskazi inavuma na joto limepanda. Kwa familia nyingi katika Kaunti ya Kilifi, hii ndiyo likizo ndefu kuliko zote, watoto wakishinda nyumbani huku wazazi wakiendelea na kazi. Watoto wa pwani hawahitaji kuelekezwa pa kwenda. Huenda baharini, mara nyingi peke yao. Hapo pana hatari, na hapo hapo pana somo zuri la likizo lisilogharimu hata shilingi.

Somo lenyewe huanza kwa kijiti. Maji yanapoanza kujaa, mzazi na mtoto wachomeke kijiti ukingoni mwa maji, kisha wachomeke kingine kila baada ya dakika 10, wakifuata wimbi linalofika mbali zaidi. Baada ya saa moja mtoto atakuwa na mstari wa vijiti wa kuhesabu na kupimia kwa hatua. Kesho yake warudi saa ile ile. Watakuta maji yamechelewa, kwa kuwa kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mtoto wa gredi ya nne anaweza kukadiria mwenyewe maji ya keshokutwa yatajaa saa ngapi.

Kutoka kupwa hadi kujaa huchukua saa sita na dakika kadhaa, lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huenda polepole. Ya tatu na ya nne huenda kasi zaidi. Mzazi alisisitize hili. Mtoto aliyetembea hadi mwambani huona bado pakavu miguuni pake, kumbe mfereji aliouvuka maji yakiwa ya kifundo cha mguu umeshajaa nyuma yake. Kwa hiyo wakati wa kurudi nchi kavu ni pale maji yanapogeuka. Kungoja hadi yafike miguuni ni kuchelewa. Na mwenzake akizidiwa na maji, mtoto asimrukie: apige kelele kuita watu wazima na amtupie kamba au dumu tupu lililofungwa vizuri.

Usiku, somo lihamie angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, maji yakipwa mbali na kujaa sana. Katikati yake ni maji mafu. Mtoto achore umbo la mwezi kwenye kalenda ya ukutani kila jioni, kando yake aandike maji yalifika wapi. Mzazi asiyeyajua haya asione haya kumwuliza mvuvi mbele ya mwanawe. Wazee wa mtumbwi hujibu kwa furaha, na mara nyingi huongeza hadithi.

Kuokota makombe nako kuna mipaka yake. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, hairuhusiwi kuondoka na kombe lolote. Kwingineko, lenye mnyama ndani liachwe lilipo.

Familia za Ganze, Kaloleni na Rabai zilizo mbali na bahari zinaweza kutumia kijiti kile kile uani. Kichomekwe wima, na ncha ya kivuli iwekewe jiwe kila saa. Mwezi huu kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Mtoto akirudia Juni, atakikuta kimegeukia kusini, na hilo humshangaza hata mtu mzima.

Jua likiwa kali mno, kuna bao. Anayeanza hutosheka na bao la kujifunza: mashimo 32 yaliyochimbwa mchangani, safu nne za mashimo manane, kila shimo kete mbili. Komwe zikikosekana, kokoto 64 zinatosha, na mwenye kuzitafuta na kuzihesabu awe mtoto. Babu au nyanya akiwa karibu, aachiwe yeye kufundisha. Mzazi anayerejea kazini jioni amechoka hahitaji zaidi ya nusu saa kwa mchezo huu, mradi simu iwekwe mbali, ya mtoto na yake pia.